Mstari Uliogoma Kutulia

Mimi ni fundi wa maabara ya umeme, mwaka wa kumi na tisa huu, na wanafunzi wa uzamili siwapendi. Wanaazima bisibisi, hawarudishi. Lakini huyu binti tuliyempachika jina Twiga kwa ufupi wake, aa, huyu alinishinda.

Twiga alikuwa akiunda kifaa cha kupima mapigo ya moyo, cha bei ndogo, hata zahanati iweze kukimudu. Asubuhi anafundisha mwaka wa kwanza, mchana anahangaika na kifaa chake. Miezi mitano! Mstari wa moyo kwenye kioo ukawa unatetemeka tu, kama una homa. Profesa wake, mtu asiyejua kusifu, akamwambia, "Ijumaa nione mstari safi. La sivyo, tafuta mada nyingine uanze upya."

Kazi ya miaka miwili, itupwe hivi hivi! Nilikasirika mimi, mwenyewe akacheka.

"Fundi, haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," nikamjibu.

Alhamisi aliwafundisha humu maabara watoto wake wa mwaka wa kwanza habari za waya wa ethi, ule unaoingia ardhini kwa usalama. Akarudia mara tatu: vipimo vidogo kama hivi, ethi hufungwa sehemu moja tu, ukifunga mbili, umeme unazunguka humo na kuvuruga kila kitu. Kipindi kikaisha. Msichana mmoja wa kiti cha nyuma akapita kando ya meza ya Twiga, akasimama.

"Samahani, mwalimu. Mbona hiki chako umekifunga mbili?"

Loh! Moja kwenye kifaa, nyingine nyuma ya kioo, aliyoiongeza mwenyewe wiki ya kwanza ya kukijaribu, kwa kuogopa shoti. Mganga hajigangi. Akaufungua ule waya wa nyuma, na mstari ukatulia tuli. Darasa zima likapiga kelele. Mimi nilifuta macho, sioni haya kusema.

Ijumaa Twiga alimweleza profesa habari za ethi mbili, naye akautazama ule mstari.

"Kosa aliliona nani?"

Nikamkonyeza Twiga: nyamaza, mwanangu! Hakunitazama hata.

"Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza."

Nikasema moyoni, yamekwisha. Profesa akavua miwani, akaifuta polepole.

"Miaka thelathini nafundisha," akasema, "hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyethubutu kunisahihisha."

Akavuta fomu ya Twiga ya kuendelea na mada yake, akatia sahihi.