Udongo wa Upande wa Kivuli

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huona haya mpaka leo. Nakusimulia kwa sababu kesho unapanda basi kwenda Riyadh kwa Rahma, na tangu asubuhi umeshaniambia mara tatu kwamba mtakachopanda ni kilima kidogo tu. Hilo "tu" lako linanichosha.

Nilikuwa na umri kama wako. Tulikuwa tukikaa Al-Hindawiyah, hapa hapa Jeddah, mji ambao baridi maana yake ni kuzima kiyoyozi. Mamkubwa wangu, dada yake mama, alikuwa na nyumba Malaz kule Riyadh. Binti yake Salma alikuwa hatulii. Kila Ijumaa yuko mlimani na kaka yake Saidi. Basi mwisho wa majira ya baridi, mvua zikikaribia kwisha na majani yakianza kuchipua jangwani, nikasafiri kutwa nzima kwenda kumwona. Kichwani nilikuwa na jambo moja: lazima anipandishe kwenye kilima chake.

Nilikuta mvua imenyesha juzi yake. Salma akaniambia udongo bado mbichi. Nikamwambia jua si hilo linawaka? Akasema labda twende wiki ijayo, maua yatakuwa yamezidi. Nikasema wiki ijayo nitakuwa nimesharudi. Akanimiminia chai, akaniuliza kama nisingependa kwenda sokoni badala yake. Hapo nikanuna. Ndiyo, nilinuna, mtu mwenye akili zangu timamu, nikasema nimekuja safari yote ile bure. Na sisi unatujua, mgeni akinuna nyumba nzima haikai raha. Salma akaenda kutafuta viatu vyake vya mlimani, vile vyenye meno chini, akanivisha mimi. Yeye akavaa raba kuukuu zilizokwisha soli. Niliziona zile raba, mwanangu, na bado nikafunga kamba za viatu vyake.

Kupanda hakukuwa na taabu. Njia ya upande wa jua ilikuwa kavu, na ubaridi wa asubuhi ulitupa nguvu. Tulipofika juu nikamcheka Salma, nikamwambia kumbe mwoga. Akasema tupumzike, kisha turudi kule kule tulikopandia. Lakini mimi nilikuwa nimeona upande wa pili una majani mabichi, nikataka tushukie huko nipige picha. Saidi akamtazama dada yake. Dada yake akanitazama mimi, akasema haya.

Upande ule ulikuwa wa kivuli. Jua la majira ya baridi hupita chini, haliufikii ila kidogo, na mvua ya juzi ilikuwa bado imo ardhini. Udongo ulikuwa umekauka ganda jembamba tu juu, chini yake ni sabuni iliyolowa. Usinionyeshe simu yako. Simu inakwambia hali ya hewa ya mji, haikwambii udongo wa upande wa kivuli.

Mimi nilishuka salama kwa viatu vya mwenzangu. Nyuma yangu nikasikia mawe yanaporomoka, nikageuka, nikamkuta Salma amekaa chini, mguu umeelekea upande usio wake. Unajua aliniambia nini? Alisema, "Samahani, nimekuharibia matembezi." Natamani mpaka leo angenitukana.

Saidi alimbeba mgongoni. Mchana upepo ukaanza kuvuma na vumbi, hatuoni vizuri pa kukanyaga, na kile kilima kidogo kikatuchukua mpaka alasiri kukishuka. Nilitembea nyuma yao nikilia, kilio kisichomsaidia mtu yeyote.

Mamkubwa alitukuta hospitalini. Hakuniuliza habari. Alinitazama miguuni.

"Viatu hivyo vya nani?"

Nikamwambia vya Salma.

"Alikukataza mara ngapi?"

Nikasema hakunikataza.

"Alikwambia udongo mbichi. Alikwambia wiki ijayo. Alikwambia twende sokoni. Ulitaka akukataze kwa lugha gani?"

Mfupa wa Salma haukuunga sawasawa. Mpaka leo anapanda ngazi za nyumbani kwake Malaz kidato kimoja kimoja, na mlimani hajarudi tena. Wala hajawahi kunilaumu, hata kwa mzaha. Wakati mwingine namkasirikia yeye pia. Angefungua kinywa siku ile, akasema sikupeleki, ningenuna siku mbili na mguu wake ungekuwa mzima.

Sasa nisikilize. Mlima mdogo mwisho wa baridi si mchezo kwa kuwa ni mdogo. Ngoja siku za kutosha baada ya mvua. Shika udongo kwa mkono wako, na uushike kule kwenye kivuli. Anza mapema, vaa viatu vyako mwenyewe, na urudi kwa njia uliyopandia. Mwenyeji akikwambia labda siku nyingine, amekukatalia. Usimngoje aliseme neno lenyewe, kwani hatalisema.

Maana jana Salma alinipigia simu. Rahma ni mjukuu wake, hilo unalijua. Anasema mtoto amekwambia huko kumenyesha, amekwambia labda mwezi ujao, na wewe umemjibu tiketi umeshakata. Mtoto amekubali, na hapo ndipo moyo uliponishuka. Kwa hiyo mpigie Rahma sasa hivi, mimi nikisikia. Mwambie utakwenda kumtembelea, lakini mlimani umeghairi wewe mwenyewe. Usimwulize yeye anaonaje, maana atasema twende.

Mungu akujaalie wenyeji wanaokupenda, mwanangu, na akupe masikio ya kuyasikia yale wanayoona haya kukwambia.