Kura za Waliomo

Mke mwenzangu alikuwa timu ya mpira. Wanawake wengine waume zao waliwaolea watu wa Matrah au wa Nizwa, miji ya huku huku, kwa hiyo walijua pa kwenda kugombana. Wangu mimi aliniletea klabu ya Uskoti, ya mji wa kaskazini kabisa, mji wa samaki na mvua, ambao mpaka leo sijauona hata kwa picha. Ninapoandika haya nyumbani kwangu Al Khuwair, Maskati, majengo ya wizara yamenizunguka na magari hayaishi kupita, naweza kucheka. Wakati ule sikucheka.

Tulifika Maskati mwisho wa mwaka 1964 kutoka Unguja, tukipitia Dubai. Mume wangu aliruhusiwa kuingia kwa sababu ami yake alikuwa na nyumba ndani ya ukuta wa mji na alimdhamini, na mimi nikaingia kwa mgongo wake. Ami alisema dhamana ya watu wawili inamtosha. Mama yangu akabaki Mombasa, kwenye chumba cha uani kwa binamu yake, na sisi tukaanza kumwombea ruhusa. Siku zile hakuingia mtu bila ruhusa ya Sultani, hata kama babu yake kazaliwa Bawshar, hapo jirani, kwenye mitende, kama alivyozaliwa wangu. Unaomba, kisha unasubiri. Hukataliwi wala hukubaliwi.

Mume wangu alikuwa na Kiingereza safi, ndicho kilichompa ukarani katika kampuni ya mafuta. Kiarabu alikisema kwa kubabaisha, na kukiandika hakuweza kabisa. Tulirudi kwenye nchi ya babu zetu hatuwezi kuandika barua ambayo babu zetu wangeisoma. Barua ya kumwombea mama iliandikwa na mwandishi wa sokoni Matrah, ukurasa mmoja, kwa maneno yale yale anayomwandikia kila mtu. Jina la mama alilikosea, akalifuta kwa kidole na kuandika tena juu ya doa. Mume wangu aliona haya kusimama pale akisomewa barua yake mwenyewe, na hakutaka kurudi mara ya pili.

Kazini alikuwa analala kambini. Alikuja nyumbani Alhamisi mchana, akaondoka Jumamosi alfajiri. Hizo ndizo siku nilizokuwa naye. Basi Ijumaa moja mwaka 1965, baada ya sala, akaja na mgeni: mkubwa wake wa stoo, Mskoti mwekundu wa uso, amekumbatia taipureta kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Bibi, huyu bwana ana barua zake za kuandika," mume wangu aliniambia nyuma ya pazia. "Kambini wenzake wanamcheka."

Nilielezwa habari yenyewe usiku ule tukila, na mume wangu aliisimulia kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu tufike. Uskoti ilikuwa na ligi ya madaraja mawili. Waliokuwemo wamo. Aliye nje haingii kwa kushinda, hata akishinda kila kombe la kwao. Anaingia kwa kura za waliomo. Na waliomo hawakutaka kuongezeka. Mwaka mmoja nyuma wale wakubwa walitaka kuipanga ligi upya na kuwatoa wadogo kadhaa waliokuwemo tangu zamani, mpaka wakafikishana mahakamani. Klabu ya Mskoti ilikuwa inaomba kuingia miaka nenda miaka rudi. Yeye, kutoka huku kwenye joto, alikuwa ameahidi kuwaandikia wenye klabu zote zilizomo, mmoja mmoja, kuwaomba kura.

Zilikuwa klabu thelathini na kitu, na kila moja barua yake. Mume wangu ndiye aliyepiga taipu.

Mwanangu wa kwanza, aliyezaliwa mwaka ule ule, alizoea kulala kwa mlio ule. Mimi sikuuzoea. Nilikaa ndani nikisikiliza mume wangu anawabembeleza watu asiowajua: uwanja wetu una ukuta mpya, tuna jukwaa la kukalia watu, vyumba vya wachezaji vina maji ya moto. Aliniambia yaliyomo kwa fahari, na akikosea herufi moja alitupa karatasi akaanza upya. Nilifikiria lile doa kwenye jina la mama yangu. Nilikuwa na wivu, na sitafuti neno jingine la kuupamba. Nilikuwa na wivu na ukuta wa uwanja wa Uskoti.

Mwaka 1966 mambo mawili yalitokea karibu pamoja. Jirani yangu wa ukuta mmoja, Mzanzibari mwenzangu, rafiki yangu wa karibu, alipata ruhusa ya mama yake. Nilikwenda na sahani ya halwa, nikapiga vigelegele pamoja na wengine, kisha nikarudi nyumbani nikapiga mlango mpaka chokaa ikapukutika. Tangu siku ile kila asubuhi nilimsikia yule mama upande wa pili wa ukuta akimkaripia binti yake: maharage hayakuiva, mtoto hakuoga, ufagio umewekwa vibaya. Nilimwonea wivu jirani yangu hata kukaripiwa.

Jambo la pili, klabu nyingine iliingizwa kwenye ligi. Haikuwa ya Mskoti wetu. Ilikuwa ya mji mwingine, na kwa maneno yake ilikuwa imezaliwa juzi. Ijumaa ile alikuja bila kazi ya kuandika, akakaa tu, kofia magotini. Nilimsikia akisema maneno machache kwa sauti nzito.

"Anasema anawachukia," mume wangu alinitafsiria. "Anasema anajua ni vibaya, lakini amewatumia barua ya pongezi huku anawalaani."

Nilicheka nyuma ya pazia, kwa sauti, mpaka mume wangu akanong'ona ninyamaze. Mskoti akauliza anachekwa na nani. Nikamwambia mume wangu, "Mwambie mie nimepeleka halwa." Akaelezwa, na yeye akacheka. Tangu hapo nilimpelekea chai ya maziwa na vitumbua, na nilimwona ni mtu.

Ni yeye aliyenitia wazo la kura, ingawa hakujua. Nilijiambia: kama Uskoti wanaingia kwa kura za waliomo, kwa nini si hapa? Nilikuwa nimejifunza kuandika chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyofundishwa wasichana wote wa mtaa wetu Unguja. Nikachukua karatasi kubwa ya taipureta nikaandika kwa mtindo wa barua za klabu. Chumba kipo, nikasema, kimepakwa chokaa, kina dirisha la upande wa bahari. Kitanda cha kamba kipo, mtungi wa maji upo, msikiti uko hatua arobaini. Mama hana maradhi wala hasemi na mtu mambo ya siasa. Herufi zilikuwa zao na lugha ilikuwa yangu, na kweli niliamini watasoma tu.

Kisha nikazunguka na wino. Wanawake ishirini na sita walitia alama ya dole gumba, Waunguja, Wabaluchi, hata muuza maziwa. Wa mwisho kumwendea alikuwa jirani yangu, kwa sababu yeye ndiye niliyeona uchungu kumwomba. Aliikunja karatasi akanirudishia.

"Shoga, mie mama yangu kaingia juzi tu," alisema. "Wakiona tumezidi, watamtoa na wangu. Nisamehe."

"Chumba nnacho," nikamwambia. "Sikuombi chumba."

"Najua unacho."

Hakutia dole. Nilirudi nyumbani nikamtukana mchana kutwa, kwa moyo, maana ukuta wetu ulikuwa mmoja.

Alhamisi mume wangu alipokuja nikamwonyesha karatasi, nikitaraji atanisifu. Aliisoma amesimama. Uso ulimbadilika, na sauti ikawa ndogo sana.

"Majina ya watu ishirini na sita, na vidole vyao, kwenye karatasi moja? Mji huu? Watauliza nani kawakusanya. N'tawaambia nini mie?"

"Barua za Mskoti ni nyingi kuliko hizi, na huziogopi."

"Zile zinakwenda Uskoti."

Akaenda jikoni, akainua sufuria ya wali, akaiingiza karatasi kwenye makaa ya seredani. Alikuwa na haki. Kwa karatasi kama ile watu walilala gerezani ngomeni siku zile, na leo namshukuru. Lakini siku ile nilisimama nikatazama kura zangu zinapika wali, na Ijumaa yake nikasikia taipureta inaanza tena, tak, tak, tak, kwa ajili ya wale wa Uskoti. Sikula ule wali. Sikusema naye wiki mbili, na kwa kuwa kila wiki alikuwa na siku mbili tu nyumbani, haikunigharimu sana.

Mwaka 1967 klabu moja ya zamani huko kwao ilikufa, ikafungwa kabisa. Nafasi ikawa wazi. Mskoti alikuja siku isiyokuwa yake, Jumatatu, amemtoa mume wangu kambini, na alikuwa amevaa tai. Barua zikaandikwa zote upya. Hata mimi nilipatwa na kiherehere, na kumbe wivu ukizidi unamfanya mtu kuwa mshabiki. Miezi ikapita. Jibu lilipokuja alikaa pale pale pake, kofia magotini.

Wenye ligi walikuwa wameamua wasimwingize mtu. Daraja la pili likabaki na idadi isiyogawika kwa mbili, kila wiki timu moja inakosa wa kucheza naye, inapumzika.

"Anasema wameona bora nafasi ikae tupu," mume wangu alisema.

Nisije nikadanganya uzeeni. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaogopa, nikamtilia sukari nyingi kwenye chai ili Mungu asinione. Kama wangeingia, nadhani nisingemsamehe.

Alipokuwa anaondoka kuwahi lango la mji kabla halijafungwa, alipita mbele ya chumba cha chokaa, mlango ukiwa wazi. Akauliza ni cha nani. Mume wangu akamweleza, kwa mara ya kwanza, habari yote ya mama. Mskoti alitazama kitanda, mtungi, dirisha. Akauliza jina la mama linaandikwaje. Ijumaa iliyofuata alikaa kwenye taipureta mwenyewe, kwa vidole viwili, akamwandikia Mwingereza aliyemjua serikalini. Karatasi ya kwanza aliitupa kwa sababu alikosea herufi moja ya jina hilo. Jibu halikuja, lakini wivu wangu na Uskoti ulikufa siku ile. Wa jirani ndio uliobaki, na ulikua.

Mkataba wake uliisha mwaka 1969. Alituachia taipureta. Klabu yake ilikuwa bado nje.

Mama alifariki Mombasa mwanzoni mwa mwaka 1970. Barua ilichukua wiki tatu kunifikia, kwa hiyo kwa wiki tatu niliendelea kupiga deki chumba cha mtu aliyekwishazikwa. Jirani yangu alikaa nami siku zote za msiba, alipika, alilala chini mkekani kwangu. Mama yake naye alikuja, akanikaripia kwa kutokula. Nililia zaidi kwa hilo kuliko kwa barua.

Miezi michache baadaye Sultani aliondolewa na mwanawe, nchi ikabadilika na milango ikafunguliwa. Nyote mnajua habari hizo. Waliotawanyika waliitwa warudi, na wakarudi. Nilikwenda uwanja wa ndege wa Ruwi kumpokea ndugu wa mume wangu, nikawaona wanashuka, wanawake wa umri wa mama yangu, na magodoro yaliyofungwa kamba, na birika mikononi. Hakuna aliyewaombea kura. Wengine hawakuwahi kuandika hata mstari. Watu walikuwa wanalia na kukumbatiana, na mimi nilisimama pale nikiwahesabia miaka ambayo hawakusubiri.

Wiki ile ile jirani yangu alikuja mlangoni na bibi mmoja mwembamba, shangazi yake, amefika jana kutoka Tanga.

"Shoga, kwangu tumejaa, watu wanalala ukumbini," alisema. "Kile chumba chako, kama si tabu. Wiki mbili tatu tu."

Chumba kilikuwa nyuma yangu, mlango wazi kama kawaida. Kitanda kilionekana, na mtungi, na dirisha. Sote watatu tulikuwa tunakitazama.

"Hakuna nafasi," nikasema.

Jirani yangu alimshika shangazi yake mkono wakageuka, na bibi yule akaniombea dua kabla hajaondoka, kwa kuwa ndiyo adabu. Mume wangu alikuwa uani na gazeti. Alisubiri mpaka nyayo zao zikapotea.

"Wale wa ligi nao walisema hivyo," akasema.

Nikamwambia asome gazeti lake.

Bibi yule alikaa kwa jirani miaka minne, ukumbini, na mkeka wake alikuwa anaukunja alfajiri watu wapate pa kupita. Ukuta wetu wa uani ulikuwa mfupi. Kila asubuhi aliniwahi kwa salamu, "Umeamkaje, mwanangu?", na mimi, ufagio mkononi, nikitoka kufagia chumba kisicho na mtu, nilimjibu kwamba nimeamka vyema.