Sanduku Langu Limechekwa Ubaoni

Leo nimechekwa na watoto ambao hata babu zao ni wadogo kwangu.

Chuo kimoja cha ufundi hapa Mandewa kiliniita kunijaribu kazi ya kufundisha useremala. Nikapewa chaki: chora sanduku, lionekane lina mbele na nyuma.

Nikachora. Pande zote sawasawa, kama ninavyochora kwenye mbao kabla ya kukata.

Binti mmoja akasimama. "Shikamoo babu. Upande wa mbali si unatakiwa upungue?"

"Marahaba. Nimetengeneza masanduku ya maharusi kutoka Mgori hadi Shelui, halijapungua hata moja! Ukichora fupi utakata fupi."

Darasa zima kicheko.

Mwalimu wao Juma, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika randa, akaweka nukta moja pembeni ya ubao, akaivutia mistari yote ya kwenda nyuma. Sanduku likatokeza, ungesema utie nguo.

Makofi!

"Mzee wangu, wewe pumzika tu," akaniambia. Kazi ndiyo imekwenda hivyo.

Mimi bado nasema ule ni uongo wa macho.

Sasa nimefika nyumbani, mke wangu kachinja jogoo, majirani wamejaa wanamngoja mwalimu mpya, ndiye mimi. Ninyi mnaosoma hapa, nianze na neno gani?