Mchicha wa Majivu

Juzi sokoni Kinondoni kijana kanishikisha fungu la mchicha, ananitangazia: "Huu hauna dawa, bibi. Wa asili kabisa." Nilicheka mpaka akadhani namdharau. Weye, mie nimekuzwa na mchicha huo, enzi za Mwingereza, Temeke ikiwa bado mashamba!

Bibi yangu alikuwa na matuta nyuma ya nyumba: mchicha, bamia, matembele. Mbolea yake samadi ya mbuzi, dawa yake majivu ya jikoni. Kunyunyiza majivu ilikuwa kazi yangu, tena kabla jua halijakausha umande, maana jani kavu halishiki majivu. Raha iliyoje! Miguu imelowa, kuku wananifuata nyuma wanadona viwavi. Na mchicha ule ukiungwa kwa tui zito, harufu ilifika mpaka barazani kwa jirani. Bibi alikuwa akisema ardhi ukiilisha, nayo itakulisha.

Asubuhi moja nililala mno, nikakuta umande umekauka. Jirani yetu alikuwa amepewa kazini unga mweupe wa kuulia wadudu, nikamwomba konzi moja. Nikaunyunyiza kwa furaha, najua leo bibi atanisifu.

Siku hiyo shangazi alikuwa ndani na kichanga chake, hata arobaini haijafika, na mboga ya mzazi ilichumwa matuta yale yale. Adhuhuri nikamwona jogoo anapepesuka, akaanguka. Akafuata mtetea. Nilikimbilia jikoni nikamweleza bibi yote kwa pumzi moja. Aliingia chumbani akampokonya shangazi sahani, tonge la kwanza likiwa mkononi.

Hakunipiga. Tulifukia kuku, tukang'oa matuta yote, tukaanza upya na samadi. Aliniambia tu, "Kesho uamke mapema." Na mie nikaamka, siku zote mpaka naolewa.

Pale sasa ni nyumba tu, ukuta kwa ukuta, hata pa kuotesha pilipili hakuna. Kichanga kile ni mzee wa watu, mzima wa afya. Kila Idi huwasimulia wajukuu kwamba nguvu zake ni za maziwa ya mama aliyelishwa mboga za bibi. Wote hunigeukia mie niliyekuwepo. Nawaambia ni kweli. Habari ya tonge lile sijawahi kumwambia.