Mgongo wa Dorkasi

Watu wa kijiji cha Zuzu walimsifu Dorkasi kwa mgongo wake. Mgongo gani ule, jamani! Bibi wa watu, meno yamebaki ya kuhesabu, anapalilia uwele, anateka maji korongoni, anasaga, na mjukuu kamfunga mgongoni kwa ngozi ya mbuzi tangu alfajiri hadi jua kuzama. "Huyo ndiye bibi," walisema. Naye kila aliposifiwa aliinamisha uso, maana alijua sifa zile si zake.

Mjukuu aliitwa Sechelela. Mama yake, binti pekee wa Dorkasi, alifariki siku ya pili baada ya kumzaa, na bibi akamlea kwa maziwa ya mbuzi. Baba yake, Sila, kijana wa Mvumi, alikuwa akitandika reli ya Wajerumani. Wazee wa pande mbili waliketi, wakakubaliana: mtoto akae kwa bibi mpaka atembee kwa miguu yake mwenyewe, kisha baba aje amchukue, akalelewe kwao. "Haya," Dorkasi aliitikia. Mtoto mwenyewe alikuwa bado hata shingo haijakaza.

Mwaka ukapita. Sechelela akakaa, akatambaa, na asubuhi moja akashika nguzo ya tembe, akasimama, akageuka kumchekea bibi yake. Mwingine angepiga vigelegele. Dorkasi alimnyakua, akamfunga mgongoni, na tangu hapo hakumshusha ila kula na kulala.

Sila alikuja wakati wa mavuno. "Vipi, mama, ametembea?"

"Bado, mwanangu. Watoto hawafanani."

Lo! Uongo ulimtoka bila hata kukohoa. Sila, maskini, akaamini, akarudi kambini kwake relini.

Mtoto akatimiza miaka miwili. Jirani yao Mwamvua, mwenyeji wa Kondoa, alikuwa na mwana wa rika lake, mtundu kweli kweli, anakimbiza mbuzi na kuwagombeza. "Bibi, mshushe mwenzake wacheze," Mwamvua alisema siku moja mbele ya wanawake wengine. Dorkasi akafungua ngozi. Alipomweka chini, magoti ya mtoto yalikunjika, akakaa puu! Miguu ilikuwa miembamba kama mabua. Akanyoosha mikono juu: "Beba." Ndilo neno pekee alilolijua. Angejifunza lipi jingine huko mgongoni?

"Pole, bibi," alisema Mwamvua. "Ndivyo Mungu alivyomuumba."

Mungu! Mungu wa watu anasingiziwa, mwenye kosa amesimama pale na ngozi mkononi. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Dorkasi alikuwa na vyote viwili. Usiku hakulala. "Nimemfanya nini mtoto wa mwanangu?" alijiuliza. "Nimemfanya nini?"

Kulipokucha alichimbia vijiti viwili uani, akalaza mti juu yake, akamsimamisha mtoto aushike. Akamkanda miguu kwa samli. Mtoto akilia, na bibi analia, lakini hakuacha. Miezi mitatu hivyo, na kila hatua aliyoipiga Sechelela ilikuwa hatua ya kwenda Mvumi. Dorkasi alilijua hilo, tena vizuri.

Basi Sila akapiga hodi. Na unajua Dorkasi alifanya nini? Alimfunga mtoto mgongoni! Mikono ilitangulia kabla ya akili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Sila alimtazama mwanawe, akashusha macho. "Bado. Mama, labda ni mimi. Labda kuna tambiko nililokosea alipofariki mama yake, sasa mtoto ndiye analipa. Niambie tu, nitalitimiza."

Hapo Dorkasi alishindwa kuendelea na uongo.

"Huna kosa, Sila. Na mtoto hana ugonjwa. Ugonjwa ni mimi. Nilimfunga ili asitembee, usije ukamchukua."

Akafungua ngozi, akamshusha. Sechelela aliyumba, akapiga hatua ya kwanza, ya pili, ya sita, akashika goti la baba yake. Sila alimtazama mkwewe, na Dorkasi akatamani atukanwe.

Mtoto akageuka. Akauona ule mgongo, akarudi mbio mbio akipepesuka, akanyoosha mikono.

"Beba."

Dorkasi akaificha ngozi nyuma yake.

"Hapana, mama," alisema, sauti ikimkatika. "Tembea. Baba anakusubiri."