Kuku wa Mtihani wa Mwalimu Adriano

Mwalimu Adriano wa Mwimbi alikuwa amefundisha watoto wa watu miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu mzima hata mmoja aliyewahi kukaa nyuma ya darasa lake akamsikiliza mpaka mwisho. Mwalimu mkuu alikuwa na ng'ombe wake wa kuangalia. Wakaguzi walikuwa na ahadi zao za kuja, nao walizitunza vizuri zisije zikaisha. Adriano mwenyewe alikuwa mmoja wa wale waliookotwa haraka haraka wakiwa na darasa la saba, zamani zile taifa lilipoamua kila mtoto aende shule kabla halijajua nani atamfundisha. Alipewa daraja la C, la chini kabisa la ualimu, boksi la chaki, na baraka za wazee.

Kisha likaja soko huria. Mitumba ikajaa sokoni Sumbawanga, kila aliyekuwa na lori akawa mfanyabiashara, na serikali iliyokuwa imeajiri watu wote ikagundua ghafla kwamba watu ni wengi. Ukatoka waraka: mwalimu wa daraja la C asiyejiendeleza akafika daraja la A, ajiandae kupunguzwa. Lilikuwa neno la adabu sana. Siku hizo mtu hakufukuzwa kazi, alipunguzwa tu, kama nywele.

Ndiyo maana Adriano, mtu wa miaka arobaini na mitatu, baba wa watoto sita, alijikuta katika chuo kimoja cha ualimu mjini, akilala kitanda cha juu, na chini yake amelala Kasimiri, kijana wa Chala asiyefikisha hata miaka ishirini na mitatu. Kasimiri alimwita mzee na kumwamkia shikamoo kila asubuhi kabla ya kuazima sabuni yake. Kitabu alikifungua pale alipokosa kitu cha kufunikia kikombe. Chini ya kitanda chake aliuza sigara, kalamu na karanga, na siku ya mtihani wa falsafa ya elimu, swali lilipotaka faida za ujamaa na kujitegemea, aliandika kurasa tano za kuulaani ubepari, akatoka mbio kwenda kufungua duka.

Karatasi za kuandika hazikumtisha Adriano. Kilichomtisha ni mtihani wa kufundisha, ambao mwaka uliopita alikuwa ameanguka, na akaruhusiwa kurudia mara moja tu. Zana za kufundishia ndizo zilizomwangusha. Alifundisha somo la sehemu za mwili wa ndege kwa kuku aliyemchora mwenyewe ubaoni, na mtahini wa mwaka ule akauliza, mbele ya watoto, kwa nini birika lina miguu. Hakukaa hata kusikia maelezo. Alicheka, akaandika, akatoka. Adriano aliumia, na aliumia zaidi kwa kutosikilizwa kuliko kwa kuanguka.

Safari hii aliapa kuku awe kuku kweli. Mkewe, Bertilla, akamletea mmoja kutoka Mwimbi ndani ya tenga. Alikuwa mweusi tii, mnono, mtulivu, na ndiye pekee pale nyumbani aliyekubali kushikwa bila kupiga kelele.

"Huyu hana neno, baba Fortunata," Bertilla alimwambia. "Mfundishie, halafu mrudishe. Anataga."

Wiki nzima Adriano alifanya mazoezi bwenini. Alimsimamisha kuku juu ya sanduku la bati, akataja kishungi, mdomo, mabawa, kucha, akauliza maswali, akajijibu kwa sauti ya kitoto. Alipotaka kuku atulie ili wanafunzi wamchore, alifanya ujanja ambao kila mtoto wa Ufipa aliyewahi kutumwa kukamata kuku anaujua: alikilaza kichwa chake chini ya bawa, akambembeleza kidogo kwa mkono huku akimnong'oneza, na kuku akalala papo hapo kama aliyekata roho.

"Mzee," Kasimiri alisema akitafuna karanga zake, "kuku huyo atapata daraja la A kabla yako."

Mtahini alifika kutoka Dar es Salaam, mtu mzima mwenye suti na mkoba wa ngozi, akafikia gesti moja ya mtaa wa Katandala. Alikuwa ameusikia mji huu kabla ya kuuona, kama wanavyousikia wengi wa huko mbali: kwamba huku wachawi huituma radi kama mtoto anavyotumwa dukani, nayo hupiga hata mchana wa jua kali. Kasimiri alipompelekea maji ya kuoga, maana chuo kilimpa kazi ya kumhudumia mgeni, Mtahini alimuuliza polepole.

"Kijana, hizi habari za radi za huku kwenu ni za kweli?"

Kasimiri hakuwahi kuona radi ya kutumwa wala mtumaji wake. Angeweza kusema hapana. Badala yake aligeuka, akatazama mlangoni, akashusha sauti.

"Mzee, hayo mambo huku huwa hatuyazungumzi."

Kesho yake Kasimiri alifundisha hesabu vibaya hata watoto wakamsahihisha, akapata A. Wenzake watatu wakapata A. Jioni bweni zima lilijua kwa nini, na Adriano akapandwa na hasira.

"Umetuharibia jina, mshenzi wewe!"

"Jina lilishaharibika kabla sijazaliwa, mzee," Kasimiri alimjibu bila kukasirika. "Mimi nimelipangisha tu. Si ndiyo soko huria?"

Zamu ya Adriano ilikuwa asubuhi iliyofuata, darasa la nne, shule ya msingi ya jirani na chuo. Ilikuwa mwezi wa tano, mbingu nyeupe, hakuna wingu hata la kuombea. Mtahini aliingia na mkufunzi wa chuo, Mwalimu Leonsi. Adriano alichuchumaa kidogo, akapiga makofi yale ya taratibu ambayo Mfipa aliyelelewa vizuri humpigia mgeni wa heshima.

"Shikamoo, mzee."

Mtahini alirudi nyuma hatua. Alijibu marahaba akiitazama mikono ya Adriano, kisha akachagua kiti cha karibu kabisa na mlango.

Somo likaanza vizuri. Adriano aliuliza kuhusu ndege wanaowajua, watoto wakataja mpaka wakakosana. Akafunua tenga, akamtoa kuku mweusi, akamweka mezani.

"Huyo... wa nini?" Mtahini aliuliza.

"Ndiye mtihani wangu, mzee," Adriano alijibu kwa unyenyekevu wote.

Akataja kishungi, akataja mdomo. Kisha akawaambia watoto washike penseli, akakilaza kichwa cha kuku chini ya bawa, akapitisha mkono mara mbili, akanong'ona. Kuku akalegea, akatulia tuli mezani.

Na papo hapo, nje, kwenye anga ile isiyo na wingu, pakalia kishindo kilichotikisa madirisha.

Darasa zima lilijua ni nini. Barabara ya mbele ya shule ilipitwa na malori ya wanunuzi wa maharage, watu wapya wa biashara huria, ambao walipakia magunia mpaka tairi zikaomba msamaha, na hapakupita wiki bila moja kupasuka. Hakuna mtoto aliyenyanyua hata kichwa. Mwalimu Leonsi alipiga mwayo. Lakini Mtahini alikuwa amekwisha simama.

"Inatosha, Mwalimu. Inatosha kabisa. Umefundisha vizuri sana."

"Bado, mzee! Hatujafika kwenye mabawa!"

Mtahini hakuwa na haja ya mabawa. Alikuwa uani tayari, anaelekea Land Rover ya chuo kwa mwendo ambao suti haikushonewa. Adriano aliona mwaka wa jana unajirudia: mtahini anatoka, somo halijaisha, jina lake linapunguzwa. Akamkwapua kuku, ambaye aliamka kwa kelele nyingi, akamfuata mgeni wake mbio.

"Mzee, nakuomba! Rudi ukae! Nitazame mpaka mwisho!"

Mtahini alifunga mlango, akapandisha kioo, akabakiza nafasi ya kupitisha sauti tu.

"Nimeona, ndugu yangu, nimeona yote! A! Nimeandika A! Mrudishe huyo, tafadhali!"

Gari likaondoka. Adriano alibaki uani na kuku wake kwapani, akiwa mwalimu wa daraja la A. Alitaka kulia, na hakujua atamweleza nani. Akarudi darasani, akamalizia mabawa na kucha, akawapa watoto zoezi, akalisahihisha.

Matokeo yalipotoka, alikuwa miongoni mwa waliofaulu vizuri, jina lake likifuatana na la Kasimiri. Habari za uani zilikuwa zimekwisha zunguka. Vijana wa mwaka uliofuata walimjia mmoja mmoja kabla hajafunga sanduku, wakimuomba kwa heshima awagawie kidogo ile dawa ya mtihani.

"Dawa ni kusoma," aliwaambia.

"Mzee anatuficha," walisema wakiondoka. "Si bure."

Akarudi Mwimbi na kuku wake na cheti chake. Hakupunguzwa. Ila wakaguzi, ambao safari hii walikuja kweli, waliketi ofisini kwa mwalimu mkuu, wakanywa chai, wakamkagua kila mtu isipokuwa yeye. Mkubwa wao aliliona darasa lake kwa mbali, kupitia dirishani, akasema Mwalimu Adriano anajulikana, hana tatizo.

Jioni hiyo alimweleza Bertilla yote, na alieleza akiwa amevimba macho. Bertilla alisikiliza huku akipepeta ulezi. Asubuhi alifunga khanga safi, akamfuata mumewe shuleni, akakaa dawati la nyuma kabisa. Watoto walicheka, kisha wakamzoea. Adriano alifundisha somo lake lile lile la ndege, na Bertilla hakuondoa macho mpaka kengele ilipolia.

"Haya," Adriano alimuuliza watoto walipotoka. "Nimefundishaje?"

Bertilla alionyesha ubaoni.

"Unaongea na ubao. Huku nyuma hatukusikia nusu ya maneno. Na kile kitoto cha dirishani hakikuelewa kitu, kilikuwa kinakopi tu kwa mwenzake. Hukukiona?"

"Sikukiona." Adriano alikaa juu ya dawati. "Basi ungenipa ngapi?"

"B," Bertilla alisema. "Na hiyo nimekuonea huruma."

Adriano alicheka mpaka mwalimu mkuu akachungulia mlangoni, na njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akimuuliza mkewe mengine aliyokosea. Bertilla alimtajia, maana yalikuwepo. Kesho yake Adriano aliingia darasani, akaupa ubao mgongo, akaanza na yule mtoto wa dirishani.