Chakula cha Siku Mbili

Wakati ule nililisha samaki aina ya sato kwenye vizimba vya nyavu vya mzee mmoja, ziwani, mbele kidogo ya ufukwe wa kwetu. Niliipenda kazi ile. Nilijiona siku moja nami nina kizimba changu, hata kimoja. Ila mgongo ulikuwa hoi kila siku.

Dada yangu alikuwa anasoma hesabu chuoni. Utafiti wake ulihusu milinganyo ya vitu vinavyobadilika polepole, halafu vinapigwa kikumbo cha ghafla, na majibu yake yanachelewa kuonekana. Mimi niliishia kidato cha nne, basi akanieleza kwa samaki.

"Ukimwaga chakula, hicho ni kikumbo. Samaki anakula sasa, hewa ya kwenye maji inapungua baadaye. Kufuata kila kikumbo ni kazi, kwa hiyo natafuta wastani. Najifanya chakula kinadondoka kidogo kidogo kutwa nzima, na jibu linakaribia la kweli."

"Kumbe huko chuoni mnasomea kujifanya!"

"Cheka tu. Sharti kila kikumbo kiwe kidogo."

Kuna wiki magunia ya chakula yalichelewa siku moja, samaki wakashinda njaa. Yalipofika, mzee, niliyekuwa nimemsimulia hesabu za dada, akaniambia, "Mwaga cha jana na cha leo kwa pamoja. Wastani si ule ule?" Mnunuzi alikuwa karibu kuja, na mzee alikuwa ameweka mali yake yote mle.

"Mzee, leo hakuna upepo, maji yamelala, hewa haitawatosha. Tuwape cha leo tu."

"Kwani samaki hao ni wako?"

"Hapana, mzee."

Akachukua ndoo akamwaga mwenyewe. Samaki wakarukaruka, wakala vizuri kweli. "Umeona sasa?" Nikaona, na sikuona ubaya wowote. Nikarudi nyumbani nimechoka na roho haijatulia.

Asubuhi tuliwakuta wamejaa juu, midomo wazi, wengi wameshapinduka matumbo juu. Tukaanza kuwatoa waliokufa. Mzee akashikilia ndoo. Nikamshika mmoja aliyekuwa hai bado, nikawa namsogeza majini mbele na nyuma, maji yampite kwenye matamvua, pale anapopumulia.

"Huyo amekufa, mwanangu."

"Anatingisha mkia, mzee."

Akainama kumtazama. "Haya, endelea."

Mkia ukaacha kutingishika. Nikamweka kwenye ndoo, nikamshika mwingine. Mzee naye akaloweka mikono, akashika wake.